Kipitishi na kihami: mpaka uko wapi hasa?

#1 Mkondo_Mnyoofu
Habari wakuu. Vitabu vinasema kipitishi kina elektroni huru na kihami hakina, basi. Maelezo hayo yanakwama mahali pengi. Almasi na grafiti zote ni kaboni tupu, moja haipitishi umeme na nyingine inapitisha. Kioo ni kihami, ila kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu kinapitisha. Testa ya balbu, ile bisibisi ya kupimia umeme unayoigusa kwa kidole, inawaka mtu akiwa amesimama juu ya mpira, na mpira tunaambiwa haupitishi. Sasa tofauti ya kweli iko kwenye atomu, kwenye joto, kwenye volteji, au ni majina tuliyoyabandika sisi? Mwenye ujuzi amwage hapa.

#2 Shaba_Safi
Mkuu, maelezo ya vitabu hayajakosea, ni mafupi tu. Atomu ya shaba ina elektroni 1 kwenye ganda la nje, na imeshikwa kwa ulegevu. Atomu zikipangana kuwa kipande cha shaba, elektroni hiyo haimilikiwi tena na atomu moja, inazurura kwenye kipande kizima. Mita moja ya ujazo ya shaba ina elektroni huru kama 8.5 × 10²⁸. Kwenye kioo au plastiki elektroni za nje zimefungwa kwenye miunganiko kati ya atomu, hakuna ya kuzurura. Ukiunganisha betri, za shaba zinakimbia kwa kasi ya mwanga kwenda upande chanya, za plastiki zinabaki zilipo.

#3 Bi_Saketi
Shaba_Safi, hapo kwenye kasi ya mwanga naomba nisahihishe mapema kabla hakujanukuliwa. Kinachosafiri haraka ni msukumo, yaani uga wa umeme kuuzunguka waya. Elektroni zenyewe zinajikokota. Chukua waya wa shaba wa mm² 1.5 unaobeba ampea 10: gawanya mkondo kwa idadi ya elektroni, eneo la waya na chaji ya elektroni, unapata kama nusu milimita kwa sekunde. Taa inawaka papo hapo kwa sababu waya mzima ulikuwa umejaa elektroni tangu mwanzo, zote zinaanza kusogea karibu kwa wakati mmoja, kama maji kwenye bomba lililokwisha kujaa.

#4 Shaba_Safi
Nimekubali, dada. Nafuta "kasi ya mwanga", mengine yabaki.

#5 Kanda_na_Pengo
Hata hayo mengine hayasimami yenyewe. Hoja ya "elektroni 1 ya nje, imelegea" ijaribiwe kwa sodiamu. Nayo ina elektroni 1 ya nje, tena imelegea kuliko ya shaba, lakini ukinzani wake mahususi (jinsi kitu chenyewe kinavyozuia umeme, bila kujali ukubwa wa kipande) ni karibu mara tatu ya shaba. Zinki ina ganda dogo la nje lililojaa elektroni 2, kwa hesabu ya atomu moja ingepaswa kuwa kihami, na bado ni metali inayopitisha vizuri. Almasi na grafiti za mleta uzi ndizo zinamaliza ubishi, maana atomu ni ileile.

Kinachoamua ni namna atomu nyingi zinavyokaa pamoja. Atomu zikisogeleana, ngazi za nishati za kila atomu zinachanganyikana na kuwa kanda pana. Ukanda wa juu wenye elektroni ukiwa umejaa nusu, au umepandiana na ukanda mtupu ulio juu yake, elektroni zina nafasi ya kusogea: hicho ni kipitishi. Ukanda ukijaa kabisa, na kati yake na ukanda wa juu pakiwa na pengo, msukumo wa betri hauwezi kuzirusha: hicho ni kihami. Pengo la almasi ni elektronivolti (kipimo cha nishati ya elektroni) 5.5 hivi, la silikoni 1.1, la jerimani 0.67. Joto la kawaida huipa kila elektroni kama elektronivolti 0.025, kwa hiyo kwenye silikoni chache zinavuka, kwenye almasi hakuna. Kwenye grafiti kanda mbili zinagusana, ndiyo maana risasi ya penseli inapitisha umeme. Mwanafizikia Alan Wilson aliyaeleza haya kwa kanda mwaka 1931.

#6 Omu_Mia
Naona mnatafuta ukuta palipo na mteremko. Ukinzani mahususi kwa omu-mita, nyuzi 20 hivi:

Fedha 1.59 × 10⁻⁸. Shaba 1.68 × 10⁻⁸. Dhahabu 2.4 × 10⁻⁸. Alumini 2.7 × 10⁻⁸. Chuma cha kawaida karibu 10⁻⁷. Nikromu, ule waya wa kwenye jiko la umeme, 1.1 × 10⁻⁶. Maji ya bahari 0.2. Maji yaliyosafishwa kabisa 1.8 × 10⁵. Kioo kuanzia 10¹⁰ hadi 10¹⁴ kutegemea aina.

Hakuna mstari mwekundu humo ndani. Nikromu inapitisha vibaya mara 65 kuliko shaba na bado tunaiita kipitishi, tena tunaitumia kwa sababu ya ubaya wake huo. "Kipitishi" na "kihami" ni kazi tunazozipa vitu.

Na wanaodhani dhahabu ndiyo bora kuliko zote, angalieni namba tena. Inapakwa kwenye viunganishi kwa sababu haishiki kutu. Kwa kupitisha, shaba inaipita.

#7 Fundi_Mega
Kwa sisi tunaofunga nyaya hiyo orodha ni nusu ya habari. Kihami hakijulikani kwa omu peke yake, lazima useme na volti ngapi, unene gani, joto gani. Hewa ni kihami kizuri sana mpaka volti 3,000 hivi kwa kila milimita, kisha inapasuka na kuwa njia ya moto. PVC ya kawaida ya nyaya za nyumba inavumilia nyuzi 70. Ukipitisha mkondo mkubwa kuliko saizi ya waya, PVC inalainika, waya unazama kuelekea upande wa uzito au kona kali, unene unapungua pale pale, siku moja unagusana. XLPE, plastiki nyingine ya kuhami nyaya, inafika nyuzi 90.

Kosa linalorudiwa kila siku: mtu anapima uhami kwa multimita, inaonyesha haisomi kitu, anasema waya mzima. Multimita inatumia volti chache za betri yake. Ufa wenye unyevu kidogo unaweza kukaa kimya kwa volti chache na kuachia kwa volti 230. Tumia mega, kipima uhami. Kwa saketi za nyumba weka volti 500 DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri):

Zima swichi kuu, hakikisha kwa kupima kwamba hakuna umeme. Chomoa vifaa vyote, toa balbu, washa swichi za taa ili nyaya zilizo nyuma yake zipimwe nazo. Pima laivu (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudi), laivu na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Shikilia kitufe mpaka mshale au namba itulie, usisome haraka. Megaomu 1 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika na IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, lakini waya mpya mkavu husoma mamia. Ukipata 2 au 3 kwenye kazi mpya, umefaulu kwa karatasi na bado una tatizo la kutafuta.

#8 Bi_Saketi
Naongeza kwa #7 mambo mawili yanayoharibu vitu. Taa za LED, dima, soketi zenye kinga ya radi na chochote chenye saketi ya elektroniki visipotenganishwa, volti 500 zinaweza kuviua, au vinakupa usomaji mdogo ukadhani waya mbovu. Pasipowezekana kutenganisha, funga laivu na nyutro pamoja kisha pima pamoja dhidi ya ethi. La pili, kebo ndefu inabaki na chaji baada ya kupima kama kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji. Iache mega iimalize chaji yenyewe kabla hujashika ncha.

Na joto liandikwe kwenye ripoti. Kwenye mota, kanuni ya mazoea ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, ukinzani wa uhami unashuka karibu nusu. Mota iliyopimwa ikiwa ya moto itaonekana mbovu kuliko ilivyo.

#9 Mkondo_Mnyoofu
Asanteni, hapo kwenye joto mmenipa kitu. Kihami kikipata joto omu zinashuka, lakini waya wa shaba ukipata joto omu zinapanda. Joto lilelile, kazi mbili zinazopingana?

#10 Kanda_na_Pengo
Hiyo ndiyo alama nzuri kuliko zote za kutofautisha. Kwenye shaba idadi ya elektroni huru haibadiliki, ila atomu zinatikisika zaidi na kuzigonga njiani. Ukinzani unapanda kama asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja: kutoka nyuzi 20 hadi 70 ni karibu asilimia 20 zaidi. Kwenye silikoni au kihami, joto linarusha elektroni zaidi kuvuka pengo, wabebaji wanaongezeka kwa kasi kuliko migongano. Mfano wa kupima mezani: balbu ya zamani ya wati 60, volti 230. Ikiwaka ni omu 882 kwa hesabu. Ikiwa baridi multimita inasoma omu 60 hadi 70 tu. Ndiyo maana inaungua mara nyingi wakati wa kuwashwa, mkondo wa kwanza ni mkubwa mno.

#11 Chumvi_Mawe
Kanda_na_Pengo, kwa kioo chekundu umepotea njia. Pale hakuna elektroni zinazovuka pengo. Kioo cha madirisha kina ayoni (atomu zenye chaji) za sodiamu, kikiwa baridi zimekwama, kikilainika kwa moto zinaanza kusogea. Wabebaji ni ayoni, na hii ni familia nyingine kabisa ambayo uzi umeisahau. Chumvi ya mawe ikiwa kavu ni kihami. Iyeyushe kwa moto, kama nyuzi 800, inapitisha. Iyeyushe kwenye maji, inapitisha. Elektroni huru hakuna hata moja katika hali zote tatu.

Maji nayo ni hivyohivyo. Maji yaliyosafishwa kabisa na maji ya bahari yanatofautiana karibu mara milioni kwa namba za #6, na tofauti yote ni ayoni. Hata hayo safi hayabaki safi: yakiachwa wazi yananyonya hewa ya ukaa, asidi hafifu inajiunda na ukinzani unaanguka. Kwa hiyo anayesema "maji safi hayapitishi, nitafuta paneli kwa kitambaa chenye maji" anahatarisha maisha. Kitambaa kina chumvi, vumbi lina chumvi, mkono una jasho.

#12 Kanda_na_Pengo
Kwa kioo nakubali, ni ayoni. Kwa silikoni nabaki na kanda.

#13 Vumbi_la_Nguzo
Vumbi limetajwa, niingie. Zile sahani za kauri kwenye nguzo, zenye umbo la vikombe vilivyopangana, hazikutengenezwa hivyo kwa urembo. Kauri yenyewe haipitishi, ila uso wake unapitisha ukichafuka. Umbo la vikombe linarefusha njia ya umeme kupita juu ya uso, na sehemu ya chini ya kila kikombe inabaki kavu mvua ikinyesha. Hatari kubwa iko kwenye umande na ukungu, si mvua kubwa. Mvua kubwa inaosha. Umande unalowesha vumbi na chumvi bila kuviondoa, mkondo mdogo unaanza kutambaa, unakausha mistari midogo, cheche zinaruka kwenye mistari hiyo, mwishowe moto unaruka sahani zote.

Kwenye plastiki mambo ni mabaya zaidi kwa sababu cheche hizo zinaunguza uso na kuacha mkaa, na mkaa unapitisha. Mstari mweusi unaofanana na mizizi ya mti kwenye soketi au swichi ukishaonekana, usisugue kwa msasa. Badilisha kifaa.

#14 Mkondo_Mnyoofu
Swali la testa halijajibiwa. Mtu yuko juu ya mpira, mzunguko haujafungwa, balbu inawaka.

#15 Fundi_Mega
Umefungwa, mkuu, ila si kwa mguso. Mwili wako na ardhi ni bamba mbili, mpira katikati: hiyo ni kapasita. Umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo kila mara, kama wa nyumbani) unaijaza na kuimwaga mara 50 kwa sekunde, elektroni hazivuki mpira lakini mkondo kwenye testa upo. Ndani ya testa kuna rezista, kawaida karibu megaomu 1, na balbu ya neoni inahitaji mkondo mdogo mno. Ukijaribu testa hiyohiyo kwenye DC ya volti sawa ukiwa juu ya mpira, haitaendelea kuwaka.

Kwa sababu hiyohiyo multimita ya kidijitali inasoma volti 60 au 90 kwenye waya uliokatwa unaopita sambamba na waya wenye umeme. Mita ina megaomu 10 ndani, volti za kivuli zinatosha kuisukuma. Weka balbu kama mzigo, volti zitatoweka. Na testa isipowaka, hilo halithibitishi kwamba waya umekufa. Ijaribu kwanza kwenye sehemu unayojua ina umeme, pima, kisha ijaribu tena.

#16 Shaba_Safi
Basi kwa AC hakuna kihami kamili, kuna kapasita tu?

#17 Fundi_Mega
Kwa mkondo mdogo, ndiyo.

#18 Masizi
Tukiwa kwenye mpira, neno "mpira" lisitumike ovyo. Mpira mtupu ni kihami kizuri. Mpira mweusi wa tairi umechanganywa na masizi ya kaboni kuupa nguvu, na masizi yakiwa mengi chembe zake zinagusana na kutengeneza njia. Kuna mipira inayotengenezwa makusudi ipitishe, ili kuondoa chaji tuli. Kusimama juu ya kipande cha tairi na kusema umejihami ni kubahatisha. Glavu za umeme ni kitu kingine: za daraja 0 zinajaribiwa kwa volti 5,000 AC na kuruhusiwa kazini mpaka 1,000. Kabla ya kuvaa, kunja mdomo wa glavu, ibane hewa ndani, sikiliza kama inavuja. Tundu la sindano linatosha kuifanya isiwe kihami. Glavu za kuoshea vyombo hazimo kwenye mjadala huu.

#19 Msuka_Mota
Upande wa pili wa sarafu: kipitishi kinachoonekana wazi kumbe kimehamiwa. Waya wa kusukia mota unang'aa kama shaba tupu lakini umepakwa vanishi. Wanaoanza wanasuka koili, wanaunganisha ncha, hakuna kitu, wanadhani waya umekatika. Vanishi ya poliyurethani inaondoka kwa joto la chuma cha kulehemia kikiwa karibu nyuzi 400, subiri mpaka risasi ishike. Za aina nyingine zinazovumilia joto haziyeyuki, kwangua kwa msasa pande zote za ncha mpaka rangi igeuke ya waridi. Usikwangue kupita mahali pa kiungo. Mizunguko miwili jirani ikikwanguliwa na kugusana, mota itazunguka lakini itachemka.

#20 Bi_Saketi
Na alumini ni mfano wa vyote viwili kwenye waya mmoja. Metali yenyewe inapitisha, kama asilimia 61 ya shaba kwa eneo lilelile: waya wa mm² 16 wa shaba ni omu 1.15 kwa kilomita, wa alumini 1.91. Lakini uso wake ukigusa hewa unavaa oksaidi mara moja, na oksaidi hiyo ni kihami kigumu. Ukiikaza kwenye terminali bila kuiandaa unabana kihami dhidi ya shaba. Kiungo chenye omu 0.1 tu kikibeba ampea 20 kinatoa wati 40 kwenye nukta ndogo kama punje. Piga brashi ya waya, paka grisi ya viungo papo hapo, tumia lagi (kichwa cha kuungia waya) ya metali mbili panapokutana na shaba, kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Usisokote alumini na shaba pamoja, unyevu ukiingia kiungo kinakuwa betri ndogo na alumini inaliwa.

#21 Oksaidi_Kijani
Kanda_na_Pengo atujibu hili. Oksaidi ya nikeli ina ukanda uliojaa nusu kwa hesabu ya kanda, kwa hiyo ingepaswa kupitisha. Ni kihami. Watafiti De Boer na Verwey walilionyesha tatizo hilo mwaka 1937, na mwanafizikia Mott akaeleza kwamba elektroni zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, kila moja inabaki kwenye atomu yake ingawa nafasi zipo. Na oksaidi ya vanadiamu, VO₂, inaruka kutoka kihami kuwa kipitishi kama metali ikipita nyuzi 68 hivi. Nafasi kwenye ukanda hazitoshi kama elektroni hazikubali kukaa mbili mbili.

#22 Kanda_na_Pengo
Hilo ni kweli, na halijamalizwa hata na wanafizikia kwa vitu vyote. Kanda zinaeleza shaba, silikoni na almasi vizuri mno. Kwa oksaidi kama hizo unahitaji msukumano pia. Sikubali kwamba kanda zitupwe.

#23 Uzi_wa_Hariri
Watu wa kwanza kuuliza swali hili hawakuwa na atomu wala kanda. Mwaka 1729 Stephen Gray na Granville Wheler, Uingereza, walikuwa wanapitisha chaji kwenye kamba ndefu ya katani iliyoning'inizwa kwa nyuzi za hariri. Ilifanya kazi, na Gray alidhani ni kwa sababu hariri ni nyembamba, chaji haipati njia ya kutorokea. Uzi wa hariri ulipokatika wakaweka waya mwembamba wa shaba nyeupe. Chaji ikapotea yote. Wembamba ulikuwa uleule, kwa hiyo kilichobadilika ni kitu chenyewe. Wakarudi kwenye hariri, ikafanya kazi. Na angalieni, kamba ya katani ambayo leo tungeiita kihami ndiyo iliyokuwa kipitishi chao, kwa kuwa chaji tuli inahitaji mkondo mdogo mno na katani ina unyevu.

#24 Omu_Mia
Mfano wa katani unaunga mkono mteremko wangu, naongeza na kipimo. Zidisha ukinzani mahususi kwa uwezo wa kitu kuhifadhi uga wa umeme, unapata muda ambao chaji iliyorundikana ndani yake inachukua kutawanyika. Kwa maji safi kabisa ni kama sekunde 0.00013. Kwa kioo cha 10¹² omu-mita ni sekunde 40 na zaidi. Sasa linganisha na muda wa jambo lako. Umeme wa hezi 50 unachukua sekunde 0.02 kwa mzunguko, kwa hiyo maji safi mbele yake ni kipitishi. Mbele ya mawimbi ya gigahezi 1 maji hayohayo ni kihami. Kitu hakijabadilika, kimebadilika unachokifanyia.

#25 Chumvi_Mawe
Kipimo kizuri, ila kinaanzia kwenye namba ya ukinzani. Kwa nini namba hiyo ni ndogo kwa shaba na kubwa kwa kioo? Tumerudi #1.

#26 Mkondo_Mnyoofu
Nashukuru wote. Kufikia hapa nina elektroni huru, kanda, ayoni, msukumano wa Mott na muda wa kutawanyika, na kila moja ina kitu inachokiacha nje. Swali dogo kwa Fundi_Mega: saketi inasoma megaomu 0.4 laivu na ethi, vifaa vyote vimechomolewa. Naanzia wapi?

#27 Fundi_Mega
Gawanya nusu. Fungua laivu kwenye kisanduku cha katikati ya saketi, pima kila upande peke yake. Upande mbovu ugawe tena. Mara nyingi utaishia kwenye soketi ya ukuta wenye unyevu au waya uliobanwa na skrubu ya kisanduku. Namba ikikaa palepale bila kupanda ukishikilia kitufe kwa dakika nzima, shuku unyevu au uchafu, kausha upime tena. Ikibaki ndogo hata baada ya kukausha, tafuta mahali uhami umekatika.

#28 Bi_Saketi
Na angalia kama kuna taa ya kuashiria kwenye swichi ya hita uliyoisahau. Hiyo peke yake inaharibu usomaji wa laivu na nyutro, japo si wa ethi.